Ulimi wa mabukwe na kuku wa Mariyamu

Mpendwa Shangazi Aliya, amahoro. Naomba msaada wako, na naomba kwanza usinicheke, maana hili jambo nimelibeba peke yangu mpaka limenishinda, na kila Jumapili nikikusikia redioni ukiwakaripia watu najiambia Meshaki, zamu yako iko inakuja, basi leo imefika.

Naishi Gatete, huku kando ya ziwa, na mke wangu Eliana, watoto wetu, pamoja na mama mkwe wangu, Mama Kornelia, mabukwe kama tunavyosema kwetu. Shangazi, kabla ya kueleza shida nataka ujue kwamba yule mama ninampenda. Tuliporudi kutoka Tanzania hatukuwa na kitu, yeye alishuka kwenye lori amekumbatia kinu chake, watu wakacheka, mama gani anakimbilia kinu anaacha godoro, kumbe ndani ya kile kinu ndimo kulikuwa na maisha yetu yote. Akaanza kutengeneza madini ya mifugo, kazi aliyoijua tangu ukimbizini: mifupa ya kwa wachinjaji tunaichoma mpaka inakuwa nyeupe, tunaitwanga pamoja na makombe ya konokono wa ziwa, tunatia chumvi. Ya mbuzi na ng'ombe tunaifinyanga na udongo inakuwa jiwe la kulamba, na ya kuku wa mayai tunaiuza hivyo hivyo unga, mfugaji anachanganya na pumba, na mayai yanakuwa na ganda gumu. Kazi hiyo imetujengea nyumba na inasomesha watoto, na kutoka hapa mpaka Kizuka mtu akisema unga wa Kornelia hakuna anayeuliza ni Kornelia yupi.

Na ule unga, Shangazi, ulikuwa unapimwa kwa ulimi. Mabukwe anatia chumvi kwa bakuli lake la bati, anachanganya, anachovya kidole, analamba, anafumba macho, halafu anasema "bado" au anasema "basi". Akishasema basi, ni basi, hakuna anayebisha. Eliana anasema hata akiwa mtoto mgongoni alikuwa anasikia hilo neno.

Sasa tangu alipougua homa ile kali wakati wa mvua, ulimi wake haufanyi kazi. Tuligundua kwenye mboga kwanza, anapika ndagala, dagaa wa ziwani, chumvi mpaka watoto wanatoa machozi, na yeye anakula taratibu anasema leo mboga imepooza, na mdogo akianza kusema "Bibi, lakini..." Eliana anamkanyaga mguu chini ya meza. Na ubaya hauji peke yake, maana zamani tulikuwa na chumvi ya mawe ya Uvinza inayokuja na boti kutoka Kigoma, siku hizi mafuta iko shida, boti zinakuja zinapotaka, tunanunua chumvi yoyote tutakayoikuta soko la Rumonge, mara nyingi hii laini ya pakiti, na makombe nayo yamekuwa shida kwa sababu ziwa limepanda limemeza ule ufuko tuliokuwa tunaokota, inabidi tuyafuate mbali.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Shangazi, kwetu mkwe mwanaume hali mbele ya mabukwe, ni heshima, hata maji nakunywa nimegeukia ukuta, sasa mimi ndiye nichovye kidole mbele yake, nilambe, nimwambie mama umekosea? Nikaona nifanye kimya kimya. Akienda mazoezi ya kwaya, naingia ghalani, nageukia ukuta hata kama hayupo, naonja, nafungua magunia, naongeza mifupa na makombe mpaka chumvi inashuka, nafunga kamba vile vile anavyofunga yeye, fundo lake na kitanzi chake. Wateja wakaendelea kusifu. Yeye akisifiwa anacheka, anapiga paja, anasema ulimi wa Kornelia haujazeeka, na mimi nacheka naye na roho inaniuma.

Halafu nikaenda Nyanza-Lac kutafuta makombe, nikakwama huko, gari hamna, na nyuma yangu unga ukatoka ghalani kama ulivyo. Ulienda kwa Mariyamu, mjane jirani yetu, anafuga kuku wa mayai. Kuku wakawa wanakunywa maji hawaachi, wakahara maji matupu, wengine wakafa. Veterineri, daktari wa mifugo, alipofika akauliza wamekula nini, akachovya ule unga akatema, akasema hii ni chumvi. Mariyamu akanirudishia gunia amelifunika kitenge, akaniita nyuma ya nyumba akaniambia, "Mwanangu, sitaki Kornelia ajue. Nilipofiwa na mume wangu ni yeye aliyelala kwangu matanga yote, na mimi Mwislamu yeye Mkristo, hakujali. Lakini Meshaki, kuku ndio ninaokula."

Na sasa ndiyo kubwa lenyewe. Wafugaji wa kuku wa Kizuka wamejiunga, wameleta komande, oda kubwa ambayo hatujawahi kuipata, na wamesema wanataka Mama Kornelia aende mwenyewe achanganye kule kwao, mbele yao, waone mikono yake. Mabukwe ameshashona nguo. Anaimba toka asubuhi. Na kule Kizuka hakuna ghala la kujificha wala kwaya ya kunisaidia, unga ukitoka mkononi mwake unaingia kwenye chakula cha kuku wa watu siku ile ile. Nilimwomba Eliana amwambie, akalia, akasema, "Ulimi ule ndio ulioninunulia daftari na viatu, unataka niukate mimi?" Sasa nijifanye nimeugua ili tusiende? Niwaandikie watu wa Kizuka kwamba tumekataa? Naogopa kumvunja moyo mama wa watu, na naogopa kumaliza kuku wa watu, na siku inakaribia. Nisaidie, murakoze sana.

Ni mimi Meshaki, Gatete.

*

Meshaki baba, amahoro na wewe. Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, na nilipoimaliza nilirudi kuonja mchuzi wangu mara ya pili kwa wasiwasi, umeniharibia mapishi.

Wanaume wenzako wananiandikia niwape mbinu za kumwondoa mama mkwe nyumbani. Wewe unaniandikia kwa sababu unaogopa kumuumiza. Nimefurahi mpaka nimemsomea jirani yangu. Kwa hiyo nitakukaripia kama mtoto wangu wa kumzaa, vumilia.

Umefanya ujinga. Tena ujinga wa kujirudia, kila akienda kwaya. Ulipokuwa unafunga yale magunia kwa fundo lake ulijiona unamsitiri, kumbe ulikuwa unamficha habari za mwili wake mwenyewe. Mama anasema ulimi wangu haujazeeka kwa sababu wewe ndiye unayempa ushahidi! Angalijua tangu mvua ile, angalishaenda hospitali. Ulimi uliopotea na homa huenda ukarudi, huenda usirudi, na pengine si homa, ni dawa anazomeza au jino bovu. Daktari ndiye aseme, si wewe wala mimi wa redio. Mpelekeni.

Na mbona mzigo wote umeutwika ulimi wa mama wa watu? Umeandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba chumvi ya mawe imeadimika, mnatumia laini, na bakuli ni lile lile la bati. Ee Meshaki! Chumvi ya mawe ikijaa bakuli inaacha nafasi katikati, laini inajipanga mpaka ukingoni. Bakuli moja la laini ni chumvi nyingi kuliko bakuli moja la mawe, mama yeyote wa jikoni anakuambia hivyo. Na aliyeileta nyumbani chumvi hiyo bila kufikiria kipimo nani, kama si wewe? Zamani ulimi wake ulikuwa unayakamata makosa ya bakuli. Sasa haupo wa kuyakamata, na nyinyi watu wazima mnakaa mnalia. Nunueni mizani. Muulizeni yule veterineri chumvi ya kuku ni kiasi gani, maana kuku si mbuzi. Mbuzi analamba jiwe, akitosheka anaondoka zake. Kuku anakula alichowekewa, maskini, hana pa kwenda.

Kuhusu Kizuka, usijifanye mgonjwa, Mungu asije akakuitikia. Waambie wangoje, chumvi imebadilika na mnapima upya, ukweli mtupu. Wenye akili watawaheshimu zaidi. Na kuku wa Mariyamu mrudishieni, kuku kwa kuku, wanaotaga, msimpelekee vifaranga mkasema mmelipa.

Sasa kwa mama. Mariyamu anaficha gunia kwa kitenge kwa upendo, Eliana analia kwa upendo, wewe unafungua kamba kwa upendo, na kuku wanakufa. Watu watatu mnamzunguka mama mmoja kana kwamba ni yai! Huyu ni mwanamke aliyevuka mpaka na kinu kifuani. Hatavunjika.

Eliana akaushe machozi, amshike mama yake mkono, waende kwa Mariyamu, wawili tu. Wewe baki nyumbani. Mariyamu asiseme maneno mengi, afungue banda. Mama Kornelia ameishi na mifugo kuliko umri wako. Ataona maji yanavyokwisha, ataona kinyesi, na atajua kabla mtu hajafungua mdomo. Pengine atalia pale. Mariyamu yupo, naye anajua kukaa na mtu anayelia, alifundishwa na Kornelia mwenyewe. Pengine atarudi amewanunia nyote, na wewe zaidi, akisikia habari ya yale mafundo. Mwacheni anune, ana haki. Usimfuate na chai ya kumbembeleza.

Akishatulia ndipo linakuja lako, na hili litakuwa gumu kwako kuliko kwa yeyote. Heshima ya kutokula mbele ya mabukwe ni nzuri, mimi siidharau hata kidogo. Lakini mwenye heshima hiyo ni yeye, na yeye anaweza kukufungulia. Eliana akuombee ruhusa kwa adabu yenu, kwa neno hili hili: Meshaki anaomba mama amfundishe kuonja. Msimwambie ulimi wako umekwisha, pumzika. Ladha iliyo sawa anayo kichwani bado, na hakuna mwingine hapo Gatete aliye nayo. Akiondoka nayo bila kumwachia mtu, hiyo ndiyo hasara mngepaswa kuililia.

Mkae ghalani mchana, mlango wazi. Chumvi ipimwe kwenye mizani, mikono ichanganye ya kwake, kama siku zote. Kisha akuwekee unga kidogo kwenye kiganja chako. Usigeukie ukuta, Meshaki. Ulambe mbele yake, unamtazama, aibu ikupande mpaka masikioni, itashuka. Atakuuliza, "Bado, au basi?" Na hapo ndipo nitajua kama kweli unampenda, maana ukimdanganya tena kwa huruma, nitakuja Gatete mwenyewe. Kama imezidi, mjibu kwa sauti anayoisikia: "Mama, imezidi." Halafu ngoja akufundishe la kufanya.

Aliya