Siku Nne Kabla ya Sindano

3 Machi

Bwana Brashi, mdogo wangu,

Hujambo? Mkeo na binti yako hawajambo? Mimi mzima, ila kazi imenivuruga. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Hapa maabara tunatafuta alama ndani ya damu itakayotuonyesha mapema ni mtu mzima yupi mwenye ugonjwa wa kuzaliwa kama wako ameanza kudhurika na protini ambazo mwili wake hauziwezi. Tumepima chupa arobaini za damu kutoka kliniki yenu, zote safi kama damu yangu. Lakini daktari wenu anasema wenye damu hizo wanasahau na wanatetemeka. Chupa zina namba tu, yako siijui. Mkuu wetu ametupa hadi mwisho wa Aprili, tusipopata kitu utafiti unafungwa. Bado unapima chakula kwa mzani kama mama alivyokufundisha, sivyo?

Dadako

9 Machi

Dada, shikamoo. Sisi wazima. Utafiti ukifungwa si utapata likizo? Habari ya chakula usiniulize, nina ndevu sasa. Kazi ipo, jana nimemaliza kuandika bango la duka la dawa.

Mdogo wako

14 Machi

Marahaba.

Hali yako siulizi, barua yako imeshaniambia. Wewe unalipwa kuandika herufi, na tangu darasa la pili mstari wako haujawahi kupinda. Nimeiweka kando ya barua ya mwaka jana: hii herufi zake zimepinda na kutetemeka. Namba yako siijui, mkono wako naujua. Niambie ukweli, naogopa.

Dadako

28 Machi

Dada, shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa hasira, kisha kwa aibu.

Nakula kila kitu. Nyama, mayai, maharage, tangu nioe. Nilichoka kuwa mgeni kwenye meza yangu. Zikibaki siku nne nitolewe damu ndipo nautafuta mzani na kunywa ule unga wa kliniki wa badala ya nyama, unaonuka soksi, ili damu ionekane safi. Wenzangu kliniki nao hivyo hivyo, tunakumbushana kwa simu. Tulikwepa kugombezwa tu, hatukujua tunawapoteza njia.

Bango lilikataliwa, niliruka herufi mbili. Na juzi nilisahau kumchukua binti yangu shuleni. Mwalimu ndiye aliyemleta. Usiniambie mficha maradhi kifo humuumbua, marehemu mama alishanichosha nayo.

Nimewapigia wenzangu. Wengine wamenitukana, kumi na mmoja wamekubali. Alhamisi tunakuja na damu zetu za kila siku, bila zile siku nne za mzani.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Huenda tumeiona ile alama. Katika chupa zenu kumi na mbili, kitu kimoja kimepanda sana kwenye tatu. Mkuu anasema tusishangilie mapema, ila utafiti haufungwi.

Wenye chupa hizo tatu wameitwa waanze matibabu haraka. Wawili wamekuja. Wa tatu hapokei simu, na jina lake siruhusiwi kuambiwa. Wewe simu zangu hupokei hata siku za kawaida, kwa hiyo kimya chako hakinisaidii kitu. Nimeomba ruhusa kazini. Barua hii siipeleki posta, niko nayo kwenye basi la kuja kwako.

Dadako