Jibu Nililompa Padre

Misheni, milimani Uluguru
4 Juni 1911

Modesta,

Nakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili. Huko Morogoro mmefikaje, wewe na mtoto? Mama yako bado miguu inamsumbua?

Tangu uondoke sina raha. Jana mama alisema mbele ya wageni, "Mtoto mweupe vile, nywele kama nyuzi za katani, baba yake ni huyu mwanangu au yule Mdachi mpima ardhi?" Watu wakacheka. Mimi ni katekista, Modesta. Nafundisha watoto amri ya sita huku wazazi wao wananitazama na kutabasamu. Mpima ardhi alilala hapa misheni mwezi wa nane mwaka jana, na wewe ulimfulia nguo.

Niambie neno moja tu: ni yeye au si yeye?

Mumeo, Agustino

*

Morogoro
11 Juni 1911

Baba Yuliana,

Salamu zako zimefika. Hatujambo, ila macho ya mtoto yanachezacheza na jua linamchoma mashavu. Miguu ya mama imepata nafuu.

Si yeye. Hakuna mwingine.

Nimempeleka Yuliana kwa daktari wa Kidachi. Nilimfunika kanga gubigubi, nikapita nyuma ya nyumba za watu. Mama gani humficha mwanawe kama kitu cha wizi? Naona haya hata kukuandikia.

Daktari alimwita Salehe, mhudumu wake, akaniambia nitazame mikono yake. Ana vidole sita kila mkono. Baba yake anavyo, na watoto wa Salehe watatu kati ya watano wanavyo. "Vyangu havijui kujificha, mama," Salehe akacheka. "Mwenye navyo utamwona tu."

Weupe wa mtoto wetu, yaani uzeruzeru, daktari akasema, ni wa namna nyingine. Aliyerithi mbegu yake kwa mzazi mmoja tu haonekani nao, wala hajui kama anayo. Sharti mtoto aipate kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba bahati ni moja kati ya nne. Kisha akauliza, "Wewe na mumeo ni ndugu?" Maana ndugu huweza kurithi mbegu ileile iliyojificha kwa babu au bibi yao.

Baba yako na mama yangu wametoka tumbo moja. Kwetu Waluguru kuoa binamu ni heri, na kijiji kizima kilishangilia; kanisani hairuhusiwi bila kibali. Padre, mgeni asiyejua koo zetu, alipotuuliza kabla ya ndoa kama tu ndugu, wewe uliinama. Mimi ndiye niliyejibu, "Hapana, Padre." Sheria ile nilifundishwa na masista. Niliijua vizuri.

Twende tukamwambie.

Mkeo, Modesta

*

Misheni
9 Julai 1911

Mke wangu Modesta,

Natumaini mko salama. Baba anakusalimu sana. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako niliisoma mara nyingi, kisha nikaichoma. Naamini kila neno.

Lakini Padre akijua, ndoa itavunjwa na ukatekista wangu utakwisha. Kwa hiyo leo baada ya misa nilisimama mbele ya watu, nikasema nimemsamehe mke wangu na mtoto nitamlea. Wanawake walilia. Padre alinishika mkono. Hata mama amenyamaza.

Rudi sasa. Hakuna atakayekucheka usoni.

Mumeo akupendaye, Agustino

*

Morogoro
12 Julai 1911

Agustino,

Hujambo? Mjomba hajambo? Sisi wazima. Yuliana ameanza kucheka.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaingia ndani nikajifungia. Umenisamehe uzinzi ambao unajua sikuutenda, ili uongo wetu usionekane. Nami nakiri, kwa muda niliona ni nafuu: nirudi, niinamishe kichwa, yaishe. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Kisha nikamtazama mtoto. Atakua akiitwa wa mpima ardhi, na wewe utasifiwa kwa kumlisha.

Leo asubuhi nimempelekea Padre barua. Nimeandika kwamba aliuliza, na mimi nikadanganya. Akitutenga, atatutenga kwa lile tulilolifanya.

Yuliana ni wako. Ukitaka kumwona, njoo mchana, watu wakuone.

Binti wa shangazi yako,
Modesta