Kipandio cha Saba

Nakuru, Jumapili, Februari 1957. Vumbi jeupe la ziwa limejaa mjini tangu asubuhi. Hata chai ina ladha ya magadi.

Leo nimemwonyesha mke wangu Nekesa jengo letu. Nasema letu, ingawa kesho mawakili na watu wa bima wanahamia, na mtu kama mimi hataruhusiwa tena kupanda juu. Ndiyo maana nilimbembeleza bawabu atufungulie leo, wakubwa wakiwa kanisani.

Nilipofika hapa palikuwa na zizi la maksai wa mikokoteni. Miaka miwili tumechonga mawe. Sasa ni ghorofa tatu, na ngazi yote imetoka kwenye mikono yangu.

Nekesa ametoka shambani Elburgon kwa treni, mtoto mgongoni. Nasimiyu ana miezi miwili na leo ndiyo mara ya kwanza namwona. Barua ya kuzaliwa kwake ilipofika niliomba ruhusa, nyapara akakataa. Nekesa hajanisamehe. Tangu stesheni alikuwa akinijibu neno moja moja.

Hakuwahi kupanda ngazi maishani. Alipanda akishika ukuta, na kwenye kipandio cha saba akajikwaa.

"Hiki nani alikijenga vibaya hivi?"

Nikasema ni mimi. Nikamweleza kwamba siku ile niliponyimwa ruhusa nilirudi kuchonga jiwe hilo hilo, macho yamejaa machozi, nikapima inchi moja zaidi. Mimi, ambaye hutumwa kukagua kazi ya wengine. Mistri, fundi mkuu wetu, aligundua saruji ikiwa imeshakauka, akanitukana mbele ya wenzangu. Sikumwambia sababu.

Nekesa aliketi papo hapo, akamfungua mtoto, akamnyonyesha. Mimi nilisimama chini yake nimeshika kofia.

"Baba Nasimiyu," akasema baadaye, "kaa basi. Mbona umesimama kama mshtakiwa?"

Nikakaa. Akanipa mtoto. Ni mwepesi, ananukia maziwa. Nililia tena, wala sioni haya kuliandika.

Tulikaa hapo, mtoto amelala mikononi mwangu, mpaka bawabu akaanza kukohoa mlangoni.

Kesho wenye suti watajikwaa pale na kumlaani fundi.

Wacha wamlaani. Mwanangu amelala hapo kabla yao.