Rivolva kwa Mzee Mwenye Rivolva Kumi na Tisa

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba msaada, na kama huwezi kunisaidia bila kucheka basi cheka kwanza umalize, maana mke wangu Dagny amekwisha kucheka, akalia, akacheka tena, na sasa hasemi nami mpaka nipate jibu la mtu mwenye akili zake. Mimi ni mwoka mikate katika mji mdogo hapa Montana, nina miaka arobaini na miwili, na nakuandikia wewe wa gazeti la mbali kwa sababu gazeti letu la hapa baba mkwe wangu hulisoma lote, hadi matangazo ya ng'ombe waliopotea.

Huyo baba mkwe ndiye shida yangu. Anaitwa Arvid Lunde, aliendesha greda la kaunti miaka thelathini, amekuwa bingwa wa klabu ya kulenga shabaha mara tisa, na ana rivolva kumi na tisa ambazo amezipa majina ya shangazi zake na mama zake wadogo, na Jumapili ya wiki ijayo anatimiza miaka sabini, watu wote watakutana kwenye ukumbi wa klabu kula chapati za maji na soseji za kulungu. Mimi nimemwoa binti yake miaka kumi na mmoja sasa na hajawahi kuniita jina langu hata siku moja, huniita Mikate. Mikate, pisha. Mikate, mfungulie mbwa mlango. Mwaka mmoja nilimpa tai yenye picha za bastola akaifungia lango la zizi, mwaka uliofuata nikampa kikombe chenye mkono wa umbo la bastola akakifanya kipimo cha chakula cha kuku, na tangu Krismasi hata mkono hanipi, nikinyoosha wangu yeye anaitumbukiza yake yote miwili mfukoni na kunitikisia kichwa kama anayesalimu nguzo ya ua.

Basi mwaka huu nikasema nitampa kitu ambacho hakifungi lango, nitampa rivolva. Dagny alinionya. Alisema, "Wendell, mpiga shabaha hanunuliwi bastola. Ni sawa na kumnunulia mtu meno ya bandia kwa kukisia." Lakini mimi fundi wa unga, Shangazi, kukisia si kazi yangu, kupima ndiyo kazi yangu, kwa hiyo Jumamosi nikaenda kwake na madonge matatu ya unga uliokandwa, nikamdanganya kwamba nahitaji mshiko wa mwanamume halisi kupima unga mpya wa rai, ile nafaka ya mikate myeusi, naye akaguna, akalibana la kwanza. Alama ikatoka kama kwato ya mbuzi, vidole havikukutana hata kidogo. Nikampa la pili, ikatoka vile vile. Mara ya tatu akasema unga wangu ni mgumu na mbovu kama kawaida, akamtupia mbwa, lakini lile donge la pili nilikuwa nimelificha ndani ya kofia, nikaenda nalo nyumbani nikalioka.

Jumatatu nikalipeleka dukani kwa Bi Rosalee Haugen, anayeuza bunduki na chambo za samaki, na ambaye ana wazee watatu kando ya jiko wanaokunywa kahawa yake tangu enzi na hawanunui kitu. Akavaa miwani, akaugeuzageuza ule mkate, akaniuliza kama huo mshiko ni wa Arvid, nikasema ndiyo, akaniuliza kama kweli Arvid ameshika mwenyewe, nikasema ndiyo, mara tatu. Akavua miwani akaipangusa. Nilidhani amependa uokaji wangu. Akanipa rivolva moja niijaribu, imefunguliwa, tupu, na mimi ili wasinione mshamba nikaifunga silinda, lile gurudumu la kuwekea risasi, kwa kutikisa kiganja, tap, kama wanavyofanya kwenye filamu. Shangazi, mzee mmoja aliweka kikombe chini. Wa pili akavua kofia kama yuko mazishini. Bi Rosalee akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba hivyo ndivyo mkono wa chuma unaobeba silinda unavyopinda, kwamba silinda husukumwa kwa kidole taratibu mpaka ikae, na kwamba nikirudia atanitoa nje kwa ufagio.

Hapo ndipo nilipoiona kabatini, ya mitumba, chuma cheusi kilichochujuka mdomoni kwa kuingia na kutoka kwenye ala, mpini wa mti wa jozi unaong'aa kwa kushikwa. Nikasema hii hapa. Bi Rosalee akasema hiyo huenda isiwe ya kumpa Arvid. Nikadhani ananipima, nikang'ang'ania, nikasema macho yangu hayadanganyi, na wale wazee wote watatu wakaangalia dari. Mwishowe akasema, "Basi ichukue wewe. Afadhali wewe kuliko mpita njia." Nikajaza fomu, nikalipa, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Dagny akaifungua kwenye meza ya kukandia. Alihakikisha kwanza kwamba ni tupu, ndivyo alivyolelewa, kisha akaigeuza, akaona kovu kwenye mpini ambapo mlango wa gari uliibana mwaka aliozaliwa yeye Dagny, akakaa chini juu ya gunia la unga. "Wendell," akasema, "huyu ni Gudrun. Huyu ni Gudrun wa baba."

Gudrun ndiye rivolva ya kwanza ya baba mkwe, amepewa jina la shangazi aliyemlea. Nimemnunulia mtu bastola yake mwenyewe.

Dagny akampigia simu hapo hapo, akajifanya anauliza habari za mbwa, kisha akauliza Gudrun yuko wapi siku hizi. Mzee akasema, "Yuko kwa fundi," akakata. Sasa Dagny anasema baba yake ameibiwa na anaficha kwa aibu, anataka kumwita sherifu. Mimi nasema hapana, nasema mzee ana mwanamke. Usinishangae, nina ushahidi. Nimemwona mara mbili akitoka duka la dawa la mji wa jirani amebana kifurushi chini ya koti, ameacha buti zake za kamba ananunua za kutumbukiza mguu tu kama kijana, na klabuni hapigi tena shabaha, anasema macho yamechoka, anakaa na karatasi ya alama karibu na mjane mmoja anayepiga kengele ya kuanza na kuacha kulenga. Fedha si shida yake, ana pensheni na ng'ombe. Anamuuza shangazi yake kwa ajili ya mapenzi.

Sasa nifanyeje? Nimrudishe Gudrun dukani? Nimkabidhi mzee mbele ya watu kama vile sijui kitu? Au ninunue nyingine, na ipi, kwa mtu anayejua kila kitu? Keki nimekwisha kuianza, ya umbo la rivolva, mishumaa inakaa kwenye silinda. Mimi sitaki makuu, Shangazi. Nataka siku moja aniite jina langu na anipe mkono.

Ni mimi,
Mikate


SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Wendell, nianze kwa kukuita jina lako, angalau mtu mmoja awe amekuita wiki hii. Barua hii naituma kwa posta ikuwahi kabla ya Jumapili. Gazetini nitaichapa sherehe ikishapita, na majina yenu yote nitayabadilisha, kwa hiyo tulia usome.

Nimecheka, ndiyo, hasa pale kwenye silinda. Kisha nikaisoma mara ya pili na kicheko kikaniisha. Wewe umeandika kurasa nne na hujaisoma barua yako mwenyewe. Vidole ambavyo havikukutana kwenye unga laini. Mikono inayokimbilia mfukoni kila inaponyooshewa mkono. Buti zisizo na kamba. Dawa zinazonunuliwa mji wa pili ili asionekane. Bingwa wa mara tisa anayeshika kalamu badala ya bastola. Hayo si mapenzi, bwana mwoka mikate, hayo ni baridi yabisi. Yule mjane mwache na kengele yake.

Unga wako haukuwa mbovu. Alisema mbovu kwa sababu hakuweza kuubana, na mkono hakunyimi kwa dharau. Mshiko wako wewe, wa mtu anayekanda gunia zima kabla ya kupambazuka, ungemtoa machozi mbele ya binti yake. Namwonea huruma mzee huyo. Ameona afadhali amuuze shangazi aliyemlea kuliko siku moja watu waone kwamba hawezi tena kumtoa kwenye ala. Na Bi Rosalee alijua tangu alipoushika ule mkate wako. Siri ya mteja hakuweza kuitoa, kwa hiyo akafanya alichoweza, akamrudisha Gudrun kwenye familia kupitia mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ni wewe. Wale wazee wa kahawa nao walijua, na umbea wote wa Montana hukaa kando ya jiko lile lakini huu wameumeza. Waheshimu kwa hilo.

Mwambie Dagny aweke simu chini. Sherifu ana kazi zake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema mkwe ndiye aanze kilio.

Sasa sikiliza. Gudrun humpi ukumbini, na humrudishi dukani. Jumatano asubuhi nenda peke yako, Dagny atanuna, mwache anune. Gudrun awe tupu, ndani ya kisanduku chenye kufuli, bila utepe. Chukua na mkate mweupe, laini, wa kumegwa kwa mkono, usimpelekee rai inayotaka kisu na nguvu. Weka kisanduku mezani useme Gudrun amerudi, ulimkuta kwa Bi Rosalee. Kisha funga mdomo. Najua kwako hilo ni gumu kuliko kazi zote nilizokupa, lakini ufunge. Akifoka, afoke. Akiuliza nani amekwambia, mwambie hakuna, wewe ni mwoka mikate na umeuona unga. Akishatulia, mwombe akufundishe. Mzee ana rivolva kumi na tisa, kumi na nane tukisema kweli, na hana mwanafunzi hata mmoja. Aanze na namna ya kufunga silinda, maana hapo una kazi.

Ukitaka bado kumnunulia nyingine, na nakujua utataka, basi usiinunue wewe. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga shabaha kama huyo wenu, nami nikamnunulia rivolva iliyopakwa nikeli, yenye maua yaliyochorwa ubavuni. Alinishukuru vizuri sana, na miaka ishirini na miwili ilikaa darini ndani ya boksi la mapambo ya Krismasi. Bastola huchaguliwa na kiganja cha mwenyewe, kazi ya mtoa zawadi ni kubeba boksi na kulipa. Mpeleke mzee kwa Bi Rosalee siku ya kazi, duka likiwa tupu. Aonyeshwe za risasi ndogo, ile ya kipimo cha ishirini na mbili, zenye mwili mzito unaomeza mrusho wa bastola inapofyatuka, mpini mnene wa mpira, na triga, yaani kifyatulio, iliyolainishwa na fundi mpaka kidole kimoja kinatosha. Aombe ruhusa, avute triga zake zikiwa tupu, azikatae kumi. Wewe usithubutu kusema hii itakufaa kwa hali yako. Aseme mwenyewe kwamba anaitaka kwa sababu risasi za ile kubwa zimepanda bei, nawe umwitikie kwamba ni kweli, siku hizi kila kitu kimepanda.

Habari ya daktari ni ya Dagny, na iwe baada ya hayo, si kabla. Binti akisema twende baba, mzee wa namna hii atakwenda huku akilalamika njia nzima. Hizo dawa anazojinunulia mwenyewe chini ya koti ndizo zinazoniogopesha, daktari azione zote.

Ile keki ya umbo la bastola muile wenyewe jikoni. Jumapili peleka keki ya duara, na uikate wewe, vipande vidogo vya kushikwa kwa vidole viwili, ili asipewe kisu mbele ya ukumbi mzima na kuambiwa bingwa, tukatie. Watu watasema umejipendekeza. Waache waseme.

Kuhusu jina lako, sina ahadi. Huenda akakuita Mikate mpaka siku mtakayomzika, na pengine tangu mwanzo hakuwa anakutukana. Mzee anayezipa bastola majina ya watu aliowapenda si mtu wa kumpa kila mtu jina ovyo. Lakini siku moja, baada ya somo la tatu au la kumi, atasahau kidogo, atatoa mkono mmoja mfukoni na kukunyooshea. Usiubane, Wendell, wala usiutikise. Upokee kwa viganja vyako viwili, polepole, kama unavyoutoa mkate wa kwanza tanurini, na umwachie yeye aamue ni wakati gani wa kuuachia.