Popo wa Dada

Shoga, uko?

Unamjua dada na popo wake. Miaka yote anawapima joto, damu na mate, ajue njaa inawafanya nini. Jana redioni akaeleza kwamba popo wakifukuzwa na kukosa chakula, ndipo wanapotoa virusi kwa wingi. Akawaomba watu wawaache.

Watu wakasikia "virusi" tu. Virusi tu, shoga.

Asubuhi hii wameiwashia moto ile miti wanayolala popo nyuma ya nyumba yetu. Dada alipofika, popo walikuwa wametapakaa chini, wengine bado wanapumua. Hakulia. Akavaa glavu na barakoa, akawa anamuuliza kila mtu, "Nani amewashika? Niambieni tu, sigombi."



Akaingia ndani kunawa. Mama akamwambia kwa upole, "Nimekusaidia, mwanangu. Walioangukia uani nimewazoa wote."

"Umewazoa kwa kitu gani, mama?"

Mama akamwonyesha viganja. Kimoja kina alama za meno.

Alama za meno, shoga.

Tuko garini, tunakimbilia hospitali. Mama anamuuliza dada kama amemkasirikia. Dada anazidi kukanyaga mafuta.