Wimbo wa Baba Ndani ya Santuri Yenu

Wusakile, Kitwe,
12 Agosti 2014.

Mpendwa shemeji Chitalu,

Magoti yanaendeleaje na baridi ya Glasgow? Sisi wazima. Kifua changu kinakwaruza kwa vumbi la Agosti, lakini najifukiza na kinalegea. Mwanangu Kunda kajifungua salama, mtoto wa kike, mkaidi tangu siku ya kwanza.

Ile santuri yenu ya roki nimeiuza.

Kakako, Mungu amrehemu, aliipangusa kuliko alivyowahi kupangusa pua za wanawe. Tangu tumzike ilikuwa chini ya kitanda. Mwezi jana akaja Mholanzi mmoja, Joost, anayetafuta santuri za zamani za huku ili azichapishe upya kwao. Aliipokea kama aliyepewa kitoto kichanga, akaomba tuisikilize kwanza, aone kama imekwaruzika.

Shemeji, nilikuwa nimesahau ubaya wake. Nyimbo tisa, hadithi moja: mchimbaji anaanguka shimoni, anamwoa binti wa shaba, anakuwa mfalme wa gizani. Gitaa linabweka kama mbwa aliyefungiwa. Ngoma zako ni mtu anayeporomoka ngazini na masufuria. Na kakako ananguruma habari za mgodi, yeye karani wa stoo, ambaye hakuteremka huko hata siku moja. Suruali yake pana ingenasa kwenye lifti. Baba yangu aliteremka miaka ishirini na sita. Alichopata huko ni kikohozi kilichomuua.

Joost alikuwa amefumba macho kwa raha. Nikamwacha na ujinga wake.

Ukafika wimbo wa mwisho, ule mfupi usio na gitaa, ambao sikuwahi kuvumilia hadi kuufikia, nami nikaweka kikombe chini. Ulikuwa wimbo wa baba. Alikuwa akiuimba uani, akinawa baada ya zamu. Joost akasema huo unazipita zote, akanionyesha nyuma ya jalada: umetungwa na Lazarus Kasonde. Miaka arobaini jalada hilo limekaa nyumbani mwangu, na kwa dharau yangu sikuwahi kuligeuza nikasoma.

Nikamwambia, "Mume wangu hakuutunga huu. Ni wa Yakobo Mwansa, baba yangu. Jina lake lisipoandikwa, santuri inarudi chini ya kitanda."

Hakubisha. Alisema tu, "Mama, nitafutie mtu aliyekuwepo wakirekodi, athibitishe." Akaandika kwenye mkataba kwamba hatachapisha kabla ya hapo, ndipo nikampa.

Mlikuwa watano. Umebaki wewe.

Usiniambie ulikuwa mdogo. Ulikuwa na ndevu. Usiniambie kakako aliuazima tu. Cha kuazima huombwa, na baba hakuombwa. Alikufa bila kujua kuwa wimbo wake unauzwa madukani chini ya jina la mkwewe. Jumapili ngapi ulikula nshima ya mama yangu, mzee akiimba hatua tatu kutoka kwenye sahani yako?

Msalimie Moira na watoto. Shangazi Besa anakusalimu, anauliza kama bado unanenepa. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo mwepesi.

Karatasi ya Joost imo ndani ya bahasha hii. Pa mtunzi nimeshaandika jina la baba kwa mkono wangu. Pa shahidi nimepaacha wazi.

Shemeji yako, ningali nakupenda,

Felistas