Moshi wa Jikoni

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Huku Uwemba tuko salama na viazi vimetoka vizuri, ila barua yako imemnyima bibi yako raha. Umevuka bahari peke yako kwa makasia, umefika salama, halafu unasema ukisikia maji yakimiminika bado unashika meza kwa nguvu. Unauliza kama una kichaa.

Huna. Enzi za ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, nililinda msitu wa mbao wa tajiri mmoja wa Makambako. Kiangazi kizima nilikaa peke yangu juu ya mnara, kazi yangu kutafuta moshi. Asubuhi ya kwanza nyumbani nikauona, unatoka jikoni kwetu. Nikakimbia na ndoo, nikamwaga maji yote kwenye mafiga. Uji ukaharibika.

Nilingoja bibi yako anicheke. Akanipa kiberiti tu. "Basi washa wewe."

Njiti tatu zikazimika, ya nne ikawaka. Tangu hapo akaniachia kazi hiyo kila asubuhi. Hata leo nikiona moshi moyo hunipasuka kwanza, ndipo nauliza kunapikwa nini.

Njoo nyumbani. Bibi yako ameshaweka ndoo mlangoni. Anasema ukifika, maji utachota wewe.

Babu yako